Usifungue Karakana Mahali Pasipo na Pampu

Fundi kijana wa Kigoma akitamka tu kwamba anafikiria biashara ya kufunga mifumo ya gesi asilia kwenye magari, hupata washauri wa aina mbili. Wa kwanza humwambia kwamba Dar es Salaam watu wanatajirika, gesi ni yetu, na akifungua karakana leo, hata kama ni Kagunga kule mpakani, kesho wateja watapanga foleni. Wa pili humwambia kwamba mitungi hulipuka, injini hufa, na mambo hayo ni ya watu wa mjini. Wote wawili wanampotosha. Wa kwanza ndiye anayemwumiza zaidi, kwa sababu maneno yake yanagusa akiba: fedha za shamba la michikichi, fedha za mashine ya boti iliyouzwa, mkopo wa kikundi ambao wenzake wameuwekea dhamana.

Mimi ni mtu wa gesi. Natamani ifike Kigoma, na nitasema mwishoni nani anapaswa kusukumwa ili ifike. Ndiyo maana nataka madai haya yajibiwe kwa hesabu, kabla hayajala mtaji wa mtu.

Kwa asiyeifahamu Kagunga: ni kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji, kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe, jirani kabisa na Burundi. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko ya kwao walijazana kwenye ufukwe wake mwembamba, kipindupindu kikaingia, na MV Liemba ikawa inakwenda na kurudi kuwahamishia Kigoma. Meli haikuweza hata kutia gati. Watu walipakiwa kwenye mitumbwi, wakapelekwa hadi ubavuni mwa meli, wakapandishwa huko huko majini. Barabara ya kutoka Mwandiga kupitia Chankele hadi Kagunga imezungumzwa kwa miaka mingi, lakini njia ya kawaida ya msafiri na mzigo wake imekuwa ziwa. Msomaji aliweke hilo akilini tunapoendelea.

“Gesi ni ya Watanzania wote, kwa hiyo itafika kila mahali”

Nusu ya kwanza ya dai hili ni kweli. Nusu ya pili haitokani na ya kwanza. Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974. Ya Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982. Ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004 kuendesha mitambo ya umeme ya Ubungo, na mwaka 2015 likakamilika bomba kubwa la kutoka Mtwara. Yote hayo yamo kwenye ukanda wa pwani. Bomba halijavuka kwenda magharibi, na vituo vya kujaza magari vimefuata bomba: Dar es Salaam kwanza, kisha maeneo machache ya Pwani na Mtwara. Mipango ya vituo vya kuhamahama iliyotangazwa na Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, imetaja Morogoro na Dodoma. Kutoka Dodoma hadi Kigoma bado kuna nusu ya nchi.

Mtetezi wa dai hujibu: basi italetwa kwa malori. Hoja hiyo ina uzito, kwa hiyo naipigia hesabu. Gesi asilia husafirishwa ikiwa imeshindiliwa kwenye matrela ya mitungi mirefu ya chuma. Chuma ndicho kizito. Gesi yenyewe ndani ya trela la kawaida ni kama tani 4. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, tuseme 2,500 kwenda na kurudi. Lori linalochoma lita 40 kwa kila kilomita 100 litamaliza lita 1,000 za dizeli. Ukiweka lita moja shilingi 2,800, dizeli peke yake inaongeza shilingi 700 kwenye kila kilo. Ongeza dereva, matairi, trela, gesi inayobaki mitungini kwa sababu mgandamizo umeshuka, na kompresa ya pili huku Kigoma. Kilo iliyouzwa Dar es Salaam kwa shilingi 1,550, bei iliyozoeleka huko kwa miaka kadhaa, itafika kwetu ikiwa shilingi 3,000 au zaidi kidogo.

Kilo moja ya gesi hufanya kazi ya takriban lita moja na nusu ya petroli. Petroli ya Kigoma, kwa bei kikomo za kila mwezi za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, mara nyingi huizidi ya Dar es Salaam kwa zaidi ya shilingi 200 kwa lita, kwa sababu nayo imesafiri njia hiyo hiyo. Kwa hiyo hata gesi iliyosafirishwa kwa lori inaweza kubaki nafuu kuliko petroli hapa Kigoma mjini. Hesabu haiikatai Kigoma, na hilo nalisema kwa furaha.

Inachokikataa ni kuanza kwa kubahatisha. Tani 4 za gesi zinahitaji magari 200, kila moja likitumia kilo 7 kwa siku, ili ziishe katika siku tatu. Lori halitaweza kwenda Dar es Salaam na kurudi ndani ya siku hizo tatu, kwa hiyo yatahitajika matrela mawili au matatu yanayopishana njiani. Mwenye matrela hatakuja mpaka aone magari. Mwenye gari hatatoa milioni mbili mpaka aione pampu. Fundi akijitia katikati yao na karakana yake, yeye ndiye atakayelipa kodi ya pango wakati wakubwa wawili wakisubiriana.

Kagunga, je? Trela la gesi halipandi boti inayotoka mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Sina la kuongeza hapo.

“Ziwa letu lenyewe lina gesi, kama Kivu”

Dai hili husikika kwa watu wenye elimu, na chanzo chake ni cha kweli. Ziwa Kivu, lililo kati ya Rwanda na Kongo, limebeba kiasi kikubwa sana cha methani iliyoyeyuka kwenye maji yake ya chini, na mtambo wa KivuWatt ulioko Karongi, upande wa Rwanda, unaivuta na kuzalisha megawati 26 za umeme. Ziwa Tanganyika nalo ni la kina, karibu mita 1,470 pale linapozama zaidi, kina kinachozidi cha Kivu karibu mara tatu. Maji yake ya chini hayachanganyiki na ya juu, hayana oksijeni, na methani imo.

Tatizo ni kwamba imo kidogo sana kwa kila lita. Kivu ni ziwa la pekee: chemchemi za chini zenye chumvi na gesi ya volkano zimejenga matabaka mazito ya maji yanayoifungia methani chini kwa karne nyingi, hadi imejaa vya kutosha kwamba ukiyapandisha maji kwa bomba gesi hutoka kwa kishindo na kuendelea kuyavuta mengine. Tanganyika haina matabaka ya namna hiyo. Wingi wa maji si wingi wa gesi. Na hata ingekuwapo, gesi ya majini huja na kabonidayoksaidi ambayo ni lazima itolewe, kisha ikaushwe, kisha ishindiliwe, ndipo bajaji iweze kuitumia. Rwanda yenyewe, yenye Kivu mlangoni, imeipeleka kwanza kwenye umeme. Anayemwambia kijana wa Kagunga anunue vifaa kwa kutegemea gesi ya ziwa anamwomba asubiri kitu ambacho hakuna aliyeanza kukijenga.

“Mitungi ya gesi ni mabomu”

Sasa upande wa pili. Hofu hii naichukulia kwa uzito kwa sababu imejengwa juu ya kitu halisi: gesi ya gari huwekwa kwa mgandamizo wa takriban mara 200 ya ule wa hewa inayotuzunguka. Mtungi ukipasuka kwa mgandamizo huo, unaua hata bila moto.

Lakini mtungi wa gari umetengenezwa kwa ajili hiyo. Kabla ya kuuzwa, aina yake hupimwa kwa mgandamizo unaozidi mara mbili ule wa kazi, huchomwa moto, hudondoshwa, hujazwa na kumwagwa mara maelfu. Una valvu ya usalama inayofunguka kwa joto ili gesi itoke kwa utaratibu moto ukizuka. Methani ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja uwanjani hupaa na kutawanyika. Joto linalohitajika kuiwasha ni kubwa, zaidi ya nyuzi 500, wakati mvuke wa petroli huwaka kwa joto la chini zaidi ya hapo. Madumu ya petroli yanayopangwa miguuni mwa abiria kwenye boti za ziwa letu yana hatari tuliyoizoea tu, ndiyo maana hatuitaji.

Hatari ya kweli ipo mahali ambapo wenye hofu hawapatazami: kwenye mtungi wa kupikia. Mahali pasipo na gesi asilia, fundi mwenye njaa ya kazi atajaribiwa kufunga kwenye gari, au hata kwenye boti, mtungi wa nyumbani, akisema gesi ni gesi. Si kweli. Ile ya kupikia ni propani na butani, imo ndani ya mtungi ikiwa kimiminika, kwa mgandamizo wa mara saba au nane tu ya ule wa hewa, na mtungi wake umetengenezwa kwa kiasi hicho. Ukiujaza gesi asilia kwa mgandamizo wa mara 200 utapasuka kabla haujafika popote. Na ukiuacha na gesi yake ya kawaida, basi kumbuka kwamba gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya boti haitapaa. Itashuka hadi kwenye ngama, chini ya mbao na mizigo, na kukaa hapo ikisubiri cheche ya betri au sigara. Magari yanayotumia gesi ya aina hiyo yapo duniani, yakiwa na matangi yake maalumu na valvu zake. Mtungi wa jikoni uliofungwa kwa waya nyuma ya bajaji haumo katika kundi hilo, na fundi atakayeufunga atakuwa ametega kifo cha mteja wake.

“Gesi huua injini”

Mafundi wengi wa zamani husema hivi, na wameona wanachokisema. Waliona magari ya kabureta yaliyofungwa mifumo ya bei ndogo, bila marekebisho yoyote, yakipoteza nguvu mlimani na kuchoma valvu. Gesi ni kavu. Haina ule ubaridi na ulainisho mdogo ambao petroli huuachia kwenye viti vya valvu. Huwaka taratibu kidogo, kwa hiyo cheche inatakiwa itangulie. Plagi zilizochoka, ambazo petroli huzivumilia, gesi haizivumilii. Nguvu hupungua kwa kama sehemu moja ya kumi kwenye injini ya kawaida, na mwenye gari la kupanda vilima vya Kasulu atalihisi hilo.

Yote hayo yana dawa, na dawa yake ndiyo ufundi wenyewe. Gari la Toyota lenye injekta hufungwa mfumo unaosoma ishara za kompyuta ya gari na kupima gesi kwa kila silinda peke yake. Huwaka kwa petroli asubuhi, likishapata joto hugeukia gesi lenyewe. Vipimo vikirekebishwa vizuri, injini hudumu, na oili hubaki safi kwa muda mrefu zaidi kwa sababu gesi haiachi masizi mengi. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, imekuwa ikifunga mifumo hii na kufundisha mafundi. Anayetaka kuujua ukweli wa dai hili aende akaone injini za teksi zilizofunguliwa huko, asitegemee simulizi.

Injini za dizeli ni habari nyingine. Hazina plagi, na gesi haijiwashi yenyewe kwa kushindiliwa kama dizeli. Ama uingize gesi huku ukiendelea kuchoma dizeli kidogo ya kuiwashia, ama uigeuze injini nzima. Kazi hiyo ni ya karakana kubwa, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asidanganywe kwamba ataianza na Fuso.

“Hata boti zitatumia, na boti ndiyo soko la Kagunga”

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa sababu dai hili limetungwa na mtu anayeijua Kagunga. Ameona kwamba magari ni ya kuhesabu, lakini ufukweni mashine hazikosi: boti za abiria na mizigo, mitumbwi ya dagaa na migebuka, za kwenda Kibirizi na za kuvuka kwa jirani. Ameona petroli inavyokula faida ya mvuvi. Akajumlisha, akapata soko.

Mashine nyingi za boti ziwani, zile Yamaha za nguvu farasi 40 na za chini yake, ni zile za kuchanganya petroli na oili tangini. Kwenye injini ya namna hiyo hakuna oili inayokaa chini ya krankishafti kama kwenye gari. Oili inayolainisha pistoni na beringi huja pamoja na petroli, ndani ya petroli. Ukifunga petroli na kuingiza gesi, umefunga na oili. Mashine itakwenda vizuri kwa muda mfupi, ikipiga kelele safi kabisa, kisha pistoni itashika, na itashika mbali na nchi kavu. Ili mashine hiyo itumie gesi ni lazima iwekewe pampu ya oili ya peke yake yenye kipimo sahihi. Mifumo iliyothibitishwa ya namna hiyo kwa mashine hizi haipo dukani Kigoma.

Tuseme mvuvi ananunua mashine mpya ya mipigo minne, yenye oili yake. Chukua safari itakayochoma lita 100 za petroli kwenda na kurudi. Kazi hiyo inahitaji karibu kilo 70 za gesi. Mtungi wa chuma wa lita 60 hubeba kama kilo 10, na wenyewe ukiwa mtupu una uzito wa kilo 60 na kitu. Boti itahitaji mitungi saba, zaidi ya kilo 400 za chuma, kabla ya kupakia gunia la kwanza. Ipo mitungi ya nyuzi za kaboni iliyo myepesi, lakini bei yake haimwelekei mvuvi. Na baada ya hayo yote TASAC, wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, watakuwa na haki ya kuuliza nani ameidhinisha mitungi ya mgandamizo mkubwa kwenye boti ya mbao yenye abiria.

Wapo watakaosema kwamba ziwa hili limewahi kubadili nishati. Ni kweli, na mfano wake ni Liemba ile ile. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Goetzen, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa, na kuanza kazi tena mwaka 1927 ikiwa bado ya mvuke. Ilihamia dizeli miaka ya 1970. Lakini ilihamaje? Mitambo ya mvuke iling'olewa, ikawekwa injini mpya, wakati dizeli tayari ilikuwa inafika Kigoma kwa reli. Mafuta yalitangulia, mashine ikafuata. Hata karabai za wavuvi wa dagaa zimezipisha taa za sola kwa namna hiyo hiyo: jua lilikuwapo tayari.

Kwa hiyo akiniuliza kijana wa Kagunga afanye nini na mashine za boti, jibu langu ni kwamba azijue kuzitengeneza kuliko mtu yeyote kati ya Kibirizi na mpaka. Mashine iliyorekebishwa kabureta, yenye plagi sahihi na panga lisilopinda, huokoa petroli leo hii. Kumshawishi mwenye boti ya abiria ahamie mipigo minne kutaokoa zaidi. Kazi hiyo haina jina la kuvutia, lakini ina mteja ufukweni kila asubuhi.

“Mtaji mdogo, faida ya haraka”

Dar es Salaam kufunga gari dogo hugharimu kati ya milioni moja na nusu na milioni mbili na zaidi, kutegemea mtungi na mfumo. Mwenye kusikia huzidisha milioni mbili kwa magari 20 akaona milioni 40. Sehemu kubwa ya fedha hiyo ni bei ya vifaa, na kifaa ghali kuliko vyote ni mtungi. Kinachobaki kwa fundi ni ujira, na humo alipe pango, umeme, mashine ya kupima uvujaji, kompyuta ya kurekebishia mfumo, mafunzo, vibali, na gari litakalorudi baada ya mwezi likilalamika. EWURA na Shirika la Viwango, TBS, wanahusika, na Zimamoto wanahusika. Karakana isiyo na cheti haitapata mteja wa ofisi wala wa bima, na haistahili kumpata.

Lakini tazama upande wa mteja, kwa sababu yeye ndiye biashara. Dereva wa teksi Dar es Salaam anayechoma lita 10 kwa siku hutumia kama shilingi 30,000. Kwa gesi atanunua kilo 7, kama shilingi 11,000. Anaokoa shilingi 19,000 kila siku, na milioni mbili zake zinarudi ndani ya miezi mitatu na nusu. Ndiyo maana madereva wanavumilia foleni ndefu za vituo vya huko. Mweke dereva huyo huyo Kigoma mjini, gesi ikiwa imefika kwa lori. Atakuwa anaokoa shilingi 9,000 hivi, na fedha itarudi baada ya miezi saba au minane. Bado ni biashara. Sasa mweke mwalimu mwenye gari linalochoma lita mbili kwa siku kutoka nyumbani Mlole hadi kazini. Atahitaji miaka mitatu, na wakati huo mtungi unakaribia kudai ukaguzi mwingine. Huyo usimfungie, hata akikuletea fedha mkononi.

Hesabu hizi pia zinaegemea bei ya gesi kubaki chini. Juni 2024 bajeti ya Serikali ilipendekeza tozo ya shilingi 382 kwa kilo ya gesi ya magari, na pendekezo likaondolewa baada ya kupingwa. Liliondolewa safari hiyo. Anayeandika mpango wa biashara wa miaka mitano aandike na mstari wa tozo.

“Ukichelewa utakuta wenzako wameshajaa”

Dai hili ndilo linalowafanya vijana wauze vitu kwa haraka. Historia ya Dar es Salaam yenyewe inalikanusha. Pampu ya kwanza ya Ubungo ilikuwapo kwa takriban miaka kumi huku magari ya gesi yakiwa machache mno. Kilichowasukuma watu ni bei: Agosti 2022, baada ya vita vya Ukraine, lita ya petroli Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410. Waliofaidika na wimbi hilo ni waliokuwa na ujuzi tayari na pampu jirani. Waliokuwa wamewahi mno, bila wateja, hawakupewa tuzo ya kuwahi.

Kwa Kigoma kuna jambo jingine la kupima. Mkoa ulianza kuunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022, baada ya miaka mingi ya majenereta ya dizeli. Umeme una waya tayari. Gesi haina bomba wala lori. Inawezekana kabisa bodaboda ya umeme ikatangulia kufika Ujiji kabla ya kilo ya kwanza ya gesi asilia. Fundi aliyejifunza kusoma mfumo wa umeme wa gari, ishara za kompyuta yake na vipimo vya injekta, atakula pande zote. Fundi aliyefunga fedha zake kwenye mitungi 30 ghalani, yenye tarehe za ukaguzi zinazokwenda, atakula upande mmoja, na upande huo haujafika.

“Wanaopinga hawaitakii mema Kigoma”

Mimi naitakia, na nasema ombi langu waziwazi. Lielekee TPDC na Wizara ya Nishati, si kwa kijana wa karakana. Kigoma mjini kuna magari ya Serikali, ya mashirika yanayohudumia kambi za wakimbizi, ya halmashauri, teksi, bajaji na daladala za Mwanga hadi Ujiji na Mwandiga. Yahesabiwe. Wamiliki wakubwa waseme kwa maandishi ni mangapi watayafunga pampu ikija. Zikipatikana ahadi za magari mia mbili, mwenye matrela ana sababu ya kuja. Serikali iseme mwaka na mahali pa kituo cha magharibi, kama ilivyosema kwa Morogoro na Dodoma. Chuo cha VETA Kigoma kiandae darasa kabla ya pampu, ili kazi isije ikachukuliwa na mafundi walioletwa na basi kutoka Dar es Salaam.

Na anayewauzia vijana mafunzo ya siku mbili pamoja na “vifaa vya kuanzia” aulizwe mambo manne kabla hajapewa hata shilingi: pampu iliyo karibu na karakana yako iko wapi, cheti cha mtungi huu kinaonyesha umepimwa lini, nani atalirudia gari likisumbua, na je, yuko tayari kupokea malipo yake siku gari la kwanza litakapojaza gesi Kigoma. Swali la nne aulizwe mbele ya mashahidi.